Uzi maalumu kwa mnaomaliza sekondari: kujiandaa na mwaka wa kwanza wa chuo kabla hamjaripoti

#1 Mizani

Wakuu, kila msimu wa udahili vijana huuliza wabebe nini wanapokwenda chuo. Wanatajiwa shuka, begi na kompyuta, na mjadala unaishia hapo. Nafungua uzi huu kwa ajili ya yale yasiyoingia kwenye begi, kwa sababu ndiyo yanayowaangusha wengi kwenye semista ya kwanza. Wenye ujuzi wa fani zenu, karibuni muongeze.

Nianze na saa. Sekondari kuna kengele, kuna mwalimu anayekagua daftari, na ukikosekana darasani kuna anayeuliza ulipo. Chuoni ratiba ina mihadhara ya saa 15 hivi kwa wiki, na nafasi nyeupe zilizobaki zinaonekana kama mapumziko. Nafasi hizo ni za kazi. Marekani krediti moja (kipimo cha uzito wa kozi) huhesabiwa kuwa saa moja darasani na angalau saa mbili nje ya darasa, kila wiki, kwa wiki zipatazo 15. Ulaya mwaka mzima wa masomo una krediti 60, na kila krediti ni kati ya saa 25 na 30 za kazi, ukijumlisha mhadhara, kusoma, na kuandika. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye krediti 15 za mtindo wa Marekani ana kazi ya saa 45 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa 56 za usingizi, toa 45 za masomo, zinabaki 67 za kula, kuoga, safari, ibada, marafiki na simu. Zinatosha kabisa, ila hazitoshi kwa mtu anayedhani anazo 97.

La pili ni muhtasari wa kozi, ule ambao wengi huuita kozi autilaini. Ukipewa, usiuweke kwenye begi. Keti nao siku hiyo hiyo, utafute tarehe za testi na asaimenti, uzito wa kila moja katika alama za mwisho, adhabu ya kuchelewesha kazi, sura za kitabu kwa kila wiki, na saa ambazo mhadhiri hupokea wanafunzi ofisini. Kisha chukua karatasi moja kubwa, andika wiki zote za semista kwa safu, umwage tarehe za kozi ZOTE humo. Ukimaliza utaona kitu ambacho hakuna mhadhiri atakuambia: kuna wiki moja au mbili, mara nyingi katikati ya semista, ambapo testi tatu na asaimenti mbili zimerundikana. Kila mhadhiri anapanga kozi yake bila kutazama za wenzake. Anayeliona rundo hilo wiki ya kwanza anaanza asaimenti moja mapema. Anayeliona likiwa mlangoni anachagua kipi akiache.

#2 Chipukizi

Shikamooni wakuu. Mimi nimechaguliwa uhandisi na nina kama miezi miwili kabla ya kuripoti. Nianze kabisa kusoma vitabu vya mwaka wa kwanza ili nisishangae nikifika?

#3 Fomula

Marahaba mdogo wangu. Vitabu hivyo viache kwanza. Rudi nyuma, kwa sababu anayeanguka kalkulasi ya mwaka wa kwanza kwa kawaida ameangushwa na aljebra ya zamani. Wazo la diferensiesheni analielewa vizuri tu, ila mstari wa tatu wa swali anakosea kurahisisha, na jibu zima linapotea.

Jipime hivi. Kaa saa moja bila daftari wala kikokotoo, ufanye maswali 20 mchanganyiko: sehemu zenye herufi, vipeo na mizizi, logi, milinganyo ya kipeo cha pili, kuchora grafu ya fankisheni kwa mkono, na trigonometria ya pembe za kawaida. Ukipata chini ya 16, hapo ndipo pa kuweka miezi yako miwili. Chunguza hasa makosa haya, maana hujirudia mno:

(a + b)² kuandikwa a² + b², na 2ab inasahaulika.

1/(x + 2) kugawanywa kuwa 1/x + 1/2. Weka x = 2 ujionee: upande mmoja unapata robo, upande wa pili unapata moja.

Logi ya jumla kufanywa jumla ya logi. Logi ya *zao* ndiyo inayogawanyika hivyo.

Kikokotoo kuachwa kwenye digrii wakati swali liko kwenye radiani. Kalkulasi yote inakwenda kwa radiani, kwa hiyo zizoee mapema hadi uone π/6 na kichwa kiseme nyuzi 30 bila kufikiri.

Dakika 45 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha. Kwa upande wa fizikia, shika vipimo. Andika kipimo kwenye kila mstari wa hesabu, si mwishoni tu. Ukitafuta kasi ukaona mstari wako unatoa mita mara sekunde, umegundua kosa kabla ya msahihishaji. Na kama kozi yako ina programu za kompyuta, chagua lugha moja tu (uliza idara wanaanza na ipi) na uandike kila mfano kwa vidole vyako. Kunakili na kubandika hakukufundishi kusoma ujumbe wa kosa, na nusu ya kazi ya maabara ni huo ujumbe.

#4 Nyota ya Jioni

Fomula nakuunga mkono kwa watu wa hesabu. Tusiwasahau wa sheria, historia, lugha na sayansi ya jamii, maana kwao ushauri wa "fanya maswali" haufiki mbali. Kinachowashinda ni wingi wa kurasa na uandishi wenye hoja.

Mtu wa sanaa akitaka kutumia miezi hiyo vizuri, kila wiki asome makala ndefu moja ya fani yake kisha aandike aya tatu bila kuitazama. Ya kwanza ni kile mwandishi anachodai, ya pili ni ushahidi anaoutumia, ya tatu ni pale dai linapopwaya. Aya hiyo ya tatu ndiyo sekondari haikuidai, na ndiyo wahadhiri wanaitafuta wanaposahihisha. Insha nyingi za mwaka wa kwanza hupata alama za katikati kwa sababu ni muhtasari mzuri wa vitabu vitano bila msimamo wowote wa mwandishi.

Asaimenti ya maneno 2,000 ihesabiwe kinyumenyume kutoka siku ya kukusanya. Siku ya mwisho ni ya kusoma kwa sauti na kukagua marejeo. Siku mbili kabla ya hiyo ni za kuandika upya. Siku tatu za rasimu ya kwanza, siku moja ya mpangilio wa hoja, siku nne za kusoma na kuchukua nukuu, na siku moja ya mwanzo kabisa kwa ajili ya swali lenyewe. Jumla siku 12. Ile siku ya swali isirukwe. "Eleza", "linganisha" na "tathmini" ni kazi tatu tofauti, na jibu zuri la kitenzi kisicho chake halipati alama.

#5 Mkutubi

Niongeze yanayohusu maktaba na nukuu, maana ndipo mwanafunzi mwaminifu kabisa anapoingia matatani bila kujua.

Kwanza, wizi wa maandishi si kunakili neno kwa neno peke yake. Kuchukua aya ya mtu, kubadilisha maneno kadhaa kwa visawe na kuacha muundo wa sentensi uleule, hata ukimtaja mwandishi mwishoni, vyuo vingi huhesabu kuwa ni wizi. Njia salama: soma aya, funga kitabu, mweleze mtu wa kufikirika kwa maneno yako, andika ulichosema, ndipo ufungue kuhakiki. Ukikuta kuna maneno matano au sita mfululizo yaliyofanana, yafungie alama za nukuu au uandike upya.

Pili, andika marejeo WAKATI unasoma: mwandishi, mwaka, jina la kazi, mchapishaji au jarida, na ukurasa. Ukurasa ndio unaosahaulika, halafu usiku wa kukusanya mtu anapekua kitabu cha kurasa 400 akitafuta sentensi moja. Kuna programu ya bure, Zotero, inayohifadhi marejeo na kuyapanga kwa mtindo unaotakiwa. Jifunze kuitumia kabla ya semista kuanza, ni kazi ya alasiri moja. Ila ikague, kwa sababu taarifa inazozichota mtandaoni wakati mwingine zina majina yaliyogeuzwa au mwaka usiokuwepo.

Tatu, akili mnemba. Kila kozi inaweza kuwa na sheria yake, kwa hiyo usichukue ruhusa ya mhadhiri mmoja ukaipeleka kwa mwingine. Na usiingize rejeo lolote ililokupa bila kulitafuta kwenye katalogi ya maktaba. Zana hizi hutunga majina ya makala ambayo hayapo, yakiwa na waandishi na kurasa kamili, na mhadhiri anayeijua fani yake atalibaini mara moja.

Makala ya kitaaluma haisomwi kama hadithi kuanzia juu hadi chini. Soma ikisiri (ule muhtasari mfupi wa mwanzoni), ruka hadi hitimisho, tazama majedwali na michoro, kisha uamue kama inastahili saa yako. Ikistahili, ndipo urudi kwenye utangulizi na mbinu.

#6 msomi_wa_kesho

Wakuu mimi tatizo langu ni kumbukumbu. Naweza kurudia noti mara tano, nikifunga daftari kichwa cheupe. Chuoni noti ni nyingi zaidi, nitafanyaje?

#7 Bi Tafakuri

Mdogo wangu, kichwa chako hakina kasoro, mbinu ndiyo dhaifu. Kurudia kusoma kunakupa hisia ya kufahamu, kwa sababu macho yanayatambua maneno. Mtihani haukuulizi kama unayatambua, unakuuliza kama unaweza kuyatoa.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Usahaulifu ulikuwa wa kasi mwanzoni: ndani ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja takriban theluthi mbili. Somo lenye maana halipotei haraka kiasi hicho, lakini mwelekeo ni huohuo. Kisha mwaka 2006 watafiti wa kumbukumbu, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi matini. Kundi moja likairudia kuisoma, jingine likajipima kwa kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia asilimia 42. Hapo ndipo unapoona kwa nini mkesha wa usiku mmoja unaonekana kufanya kazi. Unakupa matokeo ya dakika tano.

Kwa hiyo gawa ukurasa wa noti kwa mpango aliouanzisha Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell: kushoto sentimita 6, kulia sentimita 15, chini sentimita 5. Karatasi yako ikiwa nyembamba, punguza upande wa kulia. Kwenye mhadhara andika kulia tu. Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, andika *maswali* upande wa kushoto, si vichwa vya habari, na chini uandike sentensi mbili za ukurasa mzima. Kuanzia hapo husomi tena noti. Unafunika kulia kwa karatasi, unajibu maswali ya kushoto kwa sauti au kwa kalamu, unafunua kuhakiki. Fanya hivyo kesho yake, kisha siku ya tatu, ya saba, na ya 21. Raundi ya kwanza huchukua dakika 20 kwa mhadhara mmoja, ya nne huchukua tano. Swali ulilokosa litie alama, raundi inayofuata anza nalo.

Utahisi unafanya vibaya kuliko ulipokuwa unarudia kusoma, kwa sababu utakosa mara nyingi. Usiache kwa ajili hiyo. Ule ugumu wa kuvuta jibu ndio unaolijenga.

#8 Chipukizi

Shukrani sana Bi Tafakuri. Na pasti pepa je? Wengi wanasema ukiwa nazo umemaliza.

#9 Fomula

Pasti pepa ni kipimo, usizifanye chakula. Ukizisoma pamoja na majibu tangu mwanzo unazichoma bure. Weka mbili au tatu pembeni bila kuzifungua, uzifanye wiki mbili kabla ya mtihani, kwa muda uleule wa mtihani, mezani, simu ikiwa chumba kingine. Na hakikisha mhadhiri aliyezitunga ndiye anayefundisha sasa. Mhadhiri akibadilika, mtihani hubadilika.

#10 Mizani

Tuzungumzie alama, kwa sababu watu husubiri matokeo kana kwamba ni bahati nasibu, kumbe hesabu inaweza kufanywa mapema. Tuseme kozi ina alama 40 za muhula (testi na asaimenti) na 60 za mtihani wa mwisho, na unataka 70. Ukiingia na 32 kati ya 40, mtihani unakudai 38 kati ya 60, yaani kama asilimia 63. Ukiingia na 22, unakudai 48, yaani asilimia 80. Alama 10 zilizopotea kwenye asaimenti ndogondogo za mwanzo zimeupandisha mtihani kutoka wa kawaida hadi mgumu sana. Angalia pia kama chuo kinadai kiwango cha chini cha alama za muhula ili uruhusiwe kufanya mtihani.

GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zako zote, nayo si wastani wa kawaida. Kila alama inazidishwa kwa krediti zake. Ukipata pointi 2 kwenye kozi ya krediti 4, na pointi 5 kwenye kozi ya krediti 2, hesabu ni (4 × 2 + 2 × 5) ÷ 6 = 3.0. Mtu anayejumlisha 2 na 5 na kugawa kwa mbili anadhani ana 3.5. Kwa hiyo saa zako zifuate krediti, si mapenzi yako kwa somo. Wengi hupiga msuli kwenye kozi ndogo wanayoipenda na kuiachia ile nzito inayowachosha.

Kozi ya mwaka wa kwanza inaweza pia kuwa sharti la nyingine tatu. Ukiipatia sapu (mtihani wa marudio) au ukalazimika kuirudia, mnyororo wote unasogea. Tafuta kwenye mwongozo wa programu ni kozi zipi zina sifa hiyo, na uzipe kipaumbele. Tafuta pia tarehe ya mwisho ya kubadilisha au kuacha kozi bila kubaki alama kwenye rekodi. Mara nyingi ni wiki chache tu za mwanzo, na ikipita hairudi.

#11 Mama Wawili

Habari zenu. Mimi ni mzazi, nafuatilia uzi huu kwa ajili ya mwanangu. Ni mpole mno, hathubutu kumwendea mwalimu. Huko chuoni atauliza vipi akikwama?

#12 Nyota ya Jioni

Salama mama, na hongera kwa kumfuatilia. Mpole anaweza kuanza kwa kuandika. Barua pepe yake iwe na mambo manne tu. Kwenye kichwa aweke namba ya kozi na mada. Kisha amjulishe mhadhiri yeye ni nani na yuko kundi gani, amwambie *alichojaribu* na alipokwama, na amalize kwa swali moja. Kwa mfano:

"Mada: Swali la 4, asaimenti ya pili. Habari za asubuhi Dkt. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kundi B. Nimetumia kanuni ya sura ya 3 na nimefika hadi mstari niliouambatisha, lakini jibu linakuwa hasi wakati umbali hauwezi kuwa hasi. Je, nimekosea kuchagua mwelekeo, au kanuni hii haitumiki hapa? Naweza kuja ofisini Jumatano saa nane mchana ikiwa itakufaa. Asante."

Ujumbe unaosema "sijaelewa sura ya tatu" haujibiki, kwa sababu mhadhiri hajui aanzie wapi. Asubiri siku mbili za kazi kabla ya kukumbusha. Na aende ofisini mara ya kwanza mapema, wiki ya pili au ya tatu, akiwa na swali dogo. Kwenda mara ya kwanza wiki ya mtihani, kukiwa na foleni mlangoni, humkatisha tamaa hata mtu jasiri.

#13 Mhasibu Mtulivu

Fedha, kwa kifupi. Kama unapokea pesa kwa mkupuo, tuite mkupuo huo sehemu 100. Toa kwanza vya lazima (ada iliyobaki, chumba, vitabu), tuseme 40. Zinabaki 60. Toa sehemu ya kumi ya hizo, yaani 6, uziweke mahali ambapo kuzifikia kunakusumbua kidogo. Zinabaki 54. Semista ina wiki 17 pamoja na mitihani. Gawa kwa 18, usigawe kwa 17, kwa sababu ratiba ya mitihani huweza kusogea. Unapata 3 kwa wiki. Hizo 3 tu ndizo ziingie kwenye akaunti ya matumizi, kila Jumatatu.

Hatari iko wiki tatu za mwanzo, pesa ikiwa nyingi machoni na urafiki ukiwa mpya. Kitabu usikinunue kabla ya mhadhara wa kwanza. Uliza kama toleo la nyuma linafaa, na kama maktaba inacho.

#14 Bi Tafakuri

Nimesahau usingizi, na bila huo niliyoyasema yote hayashiki. Umri wa miaka 18 hadi 25 unahitaji saa saba hadi tisa. Kafeini nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa tano, hivyo kahawa ya saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado nusu iko kazini. Iwe ya asubuhi.

#15 msomi_wa_kesho

La mwisho kwa upande wangu: nyaraka na mafaili. Kuna cha kufanya sasa hivi?

#16 Mkutubi

Kipo, na ukifanye wiki hii. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho na barua ya udahili, ulinganishe jina herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wa majina. Jina la kati likikosekana kwenye kimoja, au herufi moja ikitofautiana, usajili unaweza kukwama, na marekebisho huchukua wiki nyingi. Skani kila kimoja kuwa PDF, faili lisomeke kwa jina lake, si "skani001". Hifadhi nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya chumba unachoishi, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa mzazi. Asaimenti zako nazo uzifanyie hivyo hivyo. Kila jioni unapoacha kuandika, hifadhi toleo jipya lenye tarehe mwanzoni, mfano 2025-10-14, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano na uweze kurudi kwenye rasimu ya juzi ukigundua umefuta aya uliyoihitaji.